Mkatekista wa Kagunguli na mke asiyeachwa

Huku kwetu kandokando ya Ziwa mwanamke asiyezaa ana majina mengi, na hakuna hata moja jema. Mumewe naye hushauriwa na ndugu zake, wakati mwingine tumetoka tu Misani, atafute mwingine. Leo tumkumbuke mkatekista wa Ukerewe, Aniceti Kitereza.

Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisoma misioni ya Kagunguli, kisha akavuka ziwa hadi seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini na Kijerumani. Upadre hakuupata. Mwaka 1919 alifunga ndoa na Anna, akafundisha dini na kuwasaidia mapadre kutafsiri maandiko kwa Kikerewe.

Nyumba yao haikubakiwa na mtoto. Kwa mila za wakati ule, mtu wa ukoo kama wake kuoa mke wa pili lisingekuwa jambo la kulaumiwa. La kushangaza lilikuwa kutooa. Kitereza hakuoa. Walizeeka pamoja, yeye akisumbuliwa na maradhi ya viungo.

Mwaka 1945 alimaliza hadithi ndefu kwa Kikerewe, ya mume na mke wasio na mtoto, Myombekere na Bugonoka. Ndugu wa mume wanamsimanga mke hadi wazazi wake wanamchukua. Myombekere anamfuata ukweni, anajishusha, anatozwa pombe, anamrudisha. Najua mtaniambia mwishoni walizaa. Ni kweli, lakini alimfuata alipokuwa hana mtoto wala dalili ya mtoto. Na hao si Wakristo, ni watu wa kabla ya wamisionari. Mkatekista hakuwabatiza kitabuni wala hakuwadharau. Aliona ndani yao ile heshima ambayo Mungu humpa kila mtu kwa kumuumba kwa sura yake.

Miaka 20 baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha katika Gaudium et Spes kwamba ndoa haipungui thamani, wala haivunjiki, kwa kukosa watoto. Kagunguli palikuwa na wawili walioishi hivyo tangu 1919.

Mswada ulikaa miaka mingi bila mchapishaji. Kitereza mwenyewe, akiwa mzee, aliufasiri kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia kisiwani.