Lambert, Mwana wa Mshona Nguo

Zamani, katika mji wa Mulhouse, ambao leo umo nchini Ufaransa, alikuwako mshona nguo mmoja maskini. Mwaka 1728 akazaliwa mwanawe, Johann Heinrich Lambert. Alipokuwa na miaka 12, mtoto akaondolewa shuleni ili amsaidie baba yake. Mchana alishona, usiku alisoma peke yake. Baadaye akawa karani katika kiwanda cha chuma. Mwaka 1748 akaenda Chur, nchi ya Uswisi, kuwafundisha watoto wa jamaa moja tajiri. Nyumba ile ilijaa vitabu, na hapo ndipo aliposoma kweli kweli.

Sasa, watoto wa Kalima, chukueni uzi. Uzungusheni gurudumu la kinga mara moja, kisha mwupime kwa upana wa gurudumu. Mtapata upana mara 3, na kipande kitabaki. Kipande hicho huingia katika upana mara 7, na tena hubaki kidogo sana. Ndiyo sababu darasani twasema 3 na 1/7, yaani 22/7. Kile kidogo nacho huingia katika kipande cha kwanza mara 15, na tena hubaki. Lakini hapo uzi ni mnene mno, hamtakiona. Ni kama ngazi, sehemu ndani ya sehemu. Je, ina mwisho? Ikiwa haina, hakuna sehemu yoyote iliyo sawa na hesabu ya duara.

Namba za ngazi hiyo ni 3, 7, 15, 1, 292, wala hazina utaratibu unaojulikana. Lambert akapita njia nyingine. Alichukua tanjenti, kipimo cha pembe, akaiandika kwa ngazi yenye namba 1, 3, 5, 7, na kuendelea bila kukoma. Akaonyesha kwamba upinde wa pembe ukiwa sehemu, tanjenti yake haiwezi kuwa sehemu. Lakini tanjenti ya digri 45 ni 1 kamili, na upinde wake ni robo ya hesabu ya duara. Basi hesabu ya duara si sehemu! Kazi hiyo ilichapwa Berlin mwaka 1768.

Mfalme Frederick wa Prussia alipomwona mara ya kwanza alimdharau, hata kwa mavazi yake (naye ni mwana wa mshona nguo!). Lakini mwaka 1765 alimkubali katika baraza la wataalamu wa Berlin. Huko Lambert akafanya kazi mpaka alipofariki tarehe 25 Septemba 1777, mwenye miaka 49.