Tajiri Aliyewahesabu Maskini

Charles Booth alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1840, mwana wa mfanya biashara ya nafaka. Yeye na ndugu yake Alfred walianzisha kampuni ya meli, wakatajirika. Twamkumbuka leo kwa sababu alitumia mali yake mwenyewe kuwahesabu maskini.

Siku zile ubishi juu ya umaskini ulikuwa mkali. Wengine walidai kwamba maskini ni wachache, na kwamba ulevi na uvivu ndio asili ya shida zao. Wengine walisema mji mzima wa London waangamia. Lakini hesabu ya kuaminika haikuwapo.

Mwaka 1886 Booth akaianza kazi hiyo. Yeye na wasaidizi wake waliwahoji maafisa wa shule, waliojua habari za kila nyumba yenye watoto. Mwenyewe alipanga chumba katika nyumba za maskini apate kuyaona maisha yao. Mitaa ikapakwa rangi katika ramani: nyeusi na buluu kwa mafukara, manjano kwa matajiri.

Kazi hiyo ilijaza vitabu 17, vya mwisho vikatoka mwaka 1903. Ilionekana kwamba watu 30.7 katika kila 100 walikuwa maskini. Tena ulevi na uvivu vilikuwa sababu ndogo. Sababu kubwa ilikuwa ujira haba na kazi za kibarua zisizodumu, kisha ugonjwa na wingi wa watoto.

Hatumsifu kwa yote. Jamaa nyingi ziliandikwa daftarini bila wenyewe kuulizwa. Tena alishauri kwamba mafukara wa hali ya chini kabisa waondolewe mjini, wakae katika makambi ya kazi chini ya serikali. Shauri hilo liliwageuza watu kuwa mizigo ya kuhamishwa.

Shauri lake jingine lilizaa matunda. Alidai malipo ya uzeeni kwa wote, matajiri na maskini, ili mzee asipokee kwa aibu. Sheria ya mwaka 1908 haikufika huko: tangu Januari 1909 wazee maskini tu, wenye miaka 70 na zaidi, walipewa hadi shilingi 5 kwa juma. Booth alifariki mwaka 1916.

Basi yatupasa tuhesabu kwanza kabla ya kubishana juu ya maskini. Na tukiisha kuhesabu, tuwaulize wenyewe kabla ya kuwakatia shauri.