Jack Lovelock na mita 300 za mwisho

Wazee wetu walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Methali hii hunijia kila nikitazama mbio za mita 1500, kwani anayeongoza mapema si lazima awe ndiye atakayekata utepe.

Juma lililopita mpwa wangu alirudi kutoka mashindano ya shule akiwa ameshika nafasi ya tano. Aliongoza mizunguko miwili ya kwanza, kisha wenzake wakampita kana kwamba amesimama. Akaniambia kwamba mbio si za watu wa Pwani, ni za watu wa bara, wa kule milimani. Maneno yale yaliniuma. Nilimketisha barazani nikamsimulia habari za Jack Lovelock, na leo nawasimulia nanyi wasomaji.

Lovelock alizaliwa tarehe 5 Januari 1910 katika kijiji kidogo cha wachimba dhahabu huko New Zealand. Baba yake alifariki Jack akiwa bado mvulana. Alisoma katika shule ya wavulana ya mji wa Timaru, akaingia chuo kikuu cha Otago kusomea udaktari, na mwaka 1931 akapata ufadhili wa Rhodes uliompeleka Oxford, Uingereza. Hakuwa na umbo la kutisha. Alikuwa mfupi kiasi, mwembamba, na goti lake lilimsumbua. Ukimwona njiani ungemdhania karani.

Mwaka 1932 alikwenda kwenye Olimpiki za Los Angeles akaambulia nafasi ya saba katika mita 1500. Mshindi alikuwa Luigi Beccali wa Italia. Wengine wangekata tamaa. Yeye alikuwa na daftari zake, akiandika mazoezi yake na mashindano yake, alivyojisikia na alivyokosea. Alijichunguza kama daktari anavyomchunguza mgonjwa. Julai 1933, huko Princeton, Marekani, alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 7.6, rekodi mpya ya dunia. Mwaka 1934 akashinda maili katika michezo ya nchi za himaya ya Uingereza iliyofanyika London.

Wapinzani wake walijua mtindo wake. Lovelock hukaa nyuma ya viongozi, ametulia, kisha hufyatuka pale mwisho kabisa, utepe ukiwa mbele ya macho. Kwa hiyo kila aliyekimbia naye alijua lini amwangalie.

Zikaja Olimpiki za Berlin mwaka 1936, zile zile alizong'ara Jesse Owens. Fainali ya mita 1500 ilikuwa tarehe 6 Agosti. Alikuwepo Beccali, bingwa mtetezi. Alikuwepo Glenn Cunningham wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya maili, mtu aliyeungua miguu vibaya utotoni shule yao iliposhika moto. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, na kwa sehemu kubwa ya mbio hizo Lovelock, katika fulana yake nyeusi, alikaa karibu na viongozi bila kujionyesha.

Zilipobaki kama mita 300 akaondoka. Hapakuwa mahali pake pa kawaida. Bado kulikuwa na upande mzima wa uwanja, kona, na mstari wa mwisho. Hakuna aliyemtegemea hapo. Cunningham alipozinduka, mwenzake ameshajitenga kwa hatua kadhaa, na hatua hizo hazikurudishwa tena. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 47.8, akivunja rekodi ya dunia kwa sekunde nzima. Cunningham naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, lakini akawa wa pili. Beccali akawa wa tatu. Watu watano walivunja rekodi ya Olimpiki siku ile. Harold Abrahams, bingwa wa zamani wa mita 100 aliyekuwa akitangaza redioni, alisahau kazi yake ya utangazaji akamshangilia rafiki yake waziwazi.

Hapa ndipo nilipotaka mpwa wangu asikilize. Mita zile 300 hazikutoka kwenye damu wala kwenye milima. Zilitoka kwenye akiba, na akiba haiozi. Lovelock alijua ana nguvu kiasi gani, na alijua wenzake wanamtarajia wapi. Akabadilisha mahali.

Maisha yake hayakuwa marefu. Alistaafu mbio mwaka ule ule, akawa daktari. Mwaka 1940 alianguka kutoka juu ya farasi, akaumia kichwani, na tangu hapo macho na kizunguzungu vikamsumbua. Baada ya vita alihamia New York na mkewe, wakajaliwa binti wawili. Tarehe 28 Desemba 1949, akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka kazini, alianguka relini katika kituo cha treni huko Brooklyn akagongwa na kufa. Zilibaki siku chache atimize miaka 40. Mche wa mwaloni aliopewa Berlin kama mshindi ulipandwa kwenye shule yake ya Timaru, na sasa ni mti mkubwa.

Kwa wanaosema mbio si zetu, nawakumbusha kwamba Seraphino Antao alikuwa kijana wa hapa hapa Mombasa. Mwaka 1962 huko Perth alishinda dhahabu mbili, yadi 100 na yadi 220. Hakuzaliwa mlimani. Tunachokosa ni viwanja visivyonyakuliwa, na mtu mzima wa kusimama kando na saa mkononi, amwambie mtoto kwamba mzunguko wake wa kwanza ulikuwa wa haraka mno.

Mpwa wangu hakusema kitu. Lakini asubuhi yake aliniomba daftari. Nimemnunulia, na saa nitaishika mimi.