Abul-Qasim Al-Zahrawi: Tabibu aliyejua wakati wa kuweka kisu chini

Miongoni mwa maradhi yaliyowatesa wanadamu tangu zama za kale ni mawe ya kibofu cha mkojo. Mgonjwa hupata haja ndogo kwa matone huku akiugulia, na jiwe likiiziba njia kabisa, mkojo husimama na uhai wenyewe huingia hatarini. Leo tumekusudia kueleza habari za mwanachuoni wa Kiislamu aliyeyashughulikia maradhi haya kwa elimu, kwa mkono na, zaidi ya yote, kwa khofu ya kumdhuru mgonjwa.

Huyu si mwingine ila Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Al-Zahrawi, ambaye Wazungu walimwita Abulcasis. Alizaliwa yapata mwaka 936 Madinat al-Zahra, mji wa kifalme ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kuujenga karibu na Cordoba, katika Andalusia, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Nisba yake nyingine, Al-Ansari, yamrejesha kwa wale Ansari wa Madina. Maisha yake ya nyumbani hayakuandikwa sana; Al-Humaydi, aliyemtaja katika wasifu wa watu wa Andalusia, alikuja baada yake. Tunamjua hasa kwa kitabu chake kikubwa, At-Tasrif, chenye makala 30, alichokikamilisha yapata mwaka 1000 baada ya kutibu watu kwa karibu miaka 50. Makala ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina michoro ya vyombo vipatavyo 200.

Katika makala hiyo aliweka mpaka ulio wazi. Mawe yaliyo katika figo aliyaachia dawa. Kisu alikitaja kwa jiwe la kibofu na lile lililokwama katika njia ya mkojo. Kabla ya yote alitaka tabibu awe na yakini na ugonjwa. Kwa mtoto wa kiume, ambao ndio waliokuwa wakiugua zaidi, alitaja alama hizi: mkojo mwepesi kama maji wenye mchanga chini yake, mtoto kujishikashika sehemu zake kila mara, na wakati mwingine nyama ya haja kubwa kujitokeza nje. Kisha tabibu hulitafuta jiwe kwa kidole. Alisema pia kwamba watoto hupona kwa wepesi, wazee kwa taabu, na vijana wako kati na kati.

Mkojo uliozuilika aliutoa kwa mrija wa fedha, mwembamba na laini, ulio wazi ndani kama unyoya wa ndege, wenye urefu wa shibiri moja na nusu hivi. Ndani yake alipitisha uzi uliofungwa sufi mwishoni, na uzi ulipovutwa mkojo uliufuata. Nani miongoni mwetu asiyeujua mpira wa mkojo wa mahospitalini? Huo ni jamaa wa karibu wa mrija ule. Ama jiwe lililokwama njiani, alifunga uzi nyuma yake lisirudi kibofuni, akaingiza chuma chembamba chenye ncha ya pembe tatu, akakizungusha polepole hadi jiwe likatoboka na mkojo ukapata pa kupitia. Na jiwe la kibofuni likiwa kubwa, alikataza kupanua jeraha ili litoke zima. Alitaka livunjwe kwa koleo, litolewe vipande vipande. Jeraha lilitiwa ubani na shubiri, vitu ambavyo bibi zetu hawakosi kuvijua.

Tukumbuke kwamba hapakuwa na dawa ya usingizi kama ya leo, wala hakuna aliyejua habari za vijidudu. Kwa hiyo swali zito halikuwa namna ya kupasua tu, bali ni nani apasuliwe. Mwanzoni mwa makala yake alisimulia kisa cha mzee mmoja aliyekuwa na jiwe kubwa. Al-Zahrawi aliitwa kumtibu, akautazama ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa, akaona kuwa atakufa, asimpasue. Tabibu mwingine, asiye na elimu ya viungo, akajitosa. Akalitoa jiwe pamoja na kipande cha kibofu, na mzee akafariki baada ya siku tatu hivi. Kisa hicho alikiandika kwa ajili ya wanafunzi wake, pamoja na visa vingine vya namna hiyo, ili wajue kuwa kuna kazi ya mkono yenye salama na kuna yenye hatari. Kwa maoni yetu, kurasa hizo zina thamani kuliko michoro yote 200.

Jambo jingine lililomshughulisha ni mgonjwa mwanamke. Alijua kwamba mwanamke mwenye staha huweza kuficha maradhi yake kwa kuona haya kumfunulia tabibu mwanamume, na kwamba wanawake waliobobea katika kazi hiyo walikuwa adimu. Hakusema basi aachwe na maumivu yake. Dharura ikifika, atafutwe tabibu mwanamke mwenye ujuzi. Asipopatikana, aje mwanamume mwenye staha, naye amlete mkunga au mwanamke mwenye kuifahamu kidogo kazi hiyo. Mwanamke huyo ndiye atakayempima mgonjwa kwa kidole na kufanya anayoelekezwa na tabibu.

Mwaka 1010 Madinat al-Zahra ilivamiwa na kuporwa katika fitina zilizoiangusha dola ya Andalusia, na yapata mwaka 1013 Al-Zahrawi akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu kilibaki. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri makala ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo, na mwaka 1497 ilipigwa chapa Venice. Upande wa mashariki, mwaka 1465, tabibu Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya, Uturuki, alitunga kwa Kituruki kitabu cha upasuaji kilichosimama juu ya kazi ya Al-Zahrawi. Yeye hakutosheka kuchora vyombo, bali aliwachora pia matabibu na wagonjwa wao. Na katika baadhi ya picha hizo, anayemtibu mgonjwa mwanamke ni tabibu mwanamke.