Kengele Mbili za Charles Babbage

Kibirichia, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, viazi ndivyo mali. Nilipokuwa huko likizoni, jamaa yangu aliniomba nitazame programu aliyoiandika kwa lugha ya Python ili ikokotoe wastani wa magunia kwa ekari. Ilikwenda vyema hadi ikamfikia mkulima ambaye ekari zake zilikuwa zimeandikwa sifuri. Kwa kuwa hakuna awezaye kugawa kwa sifuri, programu ilikatika, na wote waliomfuata mkulima yule hawakuhesabiwa. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si fundi wa tarakilishi. Hata hivyo, kisa hicho ndicho kilichonipeleka kwenye maisha ya Charles Babbage.

Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba 1791, baba yake akiwa mfanyabiashara wa benki. Mwaka 1810 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako yeye na rafiki yake John Herschel walikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wanafunzi kilichodai hisabati ifundishwe kwa njia mpya. (Vyama vya wanafunzi, basi, havikuanza kusumbua wahadhiri jana.) Alimwoa Georgiana Whitmore mwaka 1814.

Mwaka 1821 yeye na Herschel walikaa kulinganisha majedwali ya elimu ya nyota yaliyokokotolewa na watu wawili mbalimbali. Makosa yaliwachosha. Ikumbukwe kwamba nahodha wa zama hizo aliyategemea majedwali ya namna hiyo baharini, na tarakimu moja iliyokosewa iliweza kumpeleka mwambani. Babbage akatamani kazi hiyo ifanywe na mvuke badala ya binadamu. Mwaka uliofuata alionyesha kielelezo kidogo cha mashine ya kukokotoa, na mwaka 1823 serikali ya Uingereza ikaanza kumfadhili.

Mwaka 1827 ulimjia na misiba mfululizo: baba yake, mwanawe aliyeitwa Charles, na mkewe. Mwaka 1828 aliteuliwa profesa wa hisabati Cambridge. Kazi ya mashine yenyewe ilikwama mwaka 1833, yeye na fundi wake Joseph Clement walipogombana kuhusu malipo na kuhamishwa kwa karakana. Serikali ilijitoa rasmi mwaka 1842, ikiwa imekwisha kutumia zaidi ya pauni 17,000.

Lakini tangu 1834 alikuwa na wazo kubwa zaidi. Mashine hii ya pili haingefungwa kwa hesabu za aina moja. Ingesoma maagizo yaliyotobolewa kwenye kadi, mfano wa zile za mitambo ya kufumia hariri ya Jacquard huko Ufaransa, na kuyatekeleza kadi baada ya kadi. Katika taaluma ya leo, programu inayosoma agizo na kulitekeleza papo hapo huweza kuitwa mkalimani, ili kuitofautisha na mfasiri anayegeuza mswada mzima kabla haujasomwa na yeyote. Kwa maana hiyo mashine ya Babbage ilikuwa mkalimani wa shaba na chuma.

Katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1864 alieleza jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito wake. Mashine ikihitaji logi ya namba fulani, ingesimama, ipige kengele, na kuonyesha namba inayohitajika ili mhudumu ailetee kadi. Ikishaipokea, isingemwamini mhudumu: ingetoa namba iliyo kwenye kadi kutoka kwa ile iliyoombwa. Jibu likiwa sifuri, kazi iendelee. Lisipokuwa sifuri, ingepiga kengele yenye sauti kubwa zaidi, isimame, na kuonyesha kibao cha kumwarifu mhudumu kwamba kadi si yenyewe.

Kengele ni mbili, wala hazisemi jambo moja. Ya kwanza ni ya upungufu uliotarajiwa. Ya pili ni ya kosa. Programu ya Kibirichia haikuwa na hata moja. Tuliiongezea sehemu ya kuidaka hitilafu, kulitaja jina la mkulima mwenye kasoro, na kuendelea na anayefuata. Uangalizi huo una gharama: mashine ya Babbage ingelipa utoaji mmoja kwa kila kadi, hata mhudumu akiwa mwangalifu vipi. Wakalimani wa leo wamejitahidi kuipunguza gharama hiyo. Katika toleo la 3.11 la Python, lililotoka Oktoba 2022, kujiandaa kudaka hitilafu hakugharimu karibu chochote maadamu mambo yanakwenda sawa. Gharama huja hitilafu inapotokea kweli.

Uzeeni Babbage alijulikana zaidi kwa vita vyake dhidi ya wapiga muziki wa mitaani, waliokuwa wakimkomoa kwa kupiga ala zao mbele ya nyumba yake. Alifariki tarehe 18 Oktoba 1871. Mwaka 1991 Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilikamilisha sehemu ya kukokotoa ya mashine yake nyingine, aliyoichora kati ya 1847 na 1849, nayo ikafanya kazi. Ile yenye kengele mbili haijapata kuundwa nzima hadi leo.