Fabre: Mchunga bata aliyefokewa kwa kuokota mawe na wadudu

Jean-Henri Fabre alizaliwa Desemba 1823 kijijini Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa, kwenye familia iliyoishi kwa kuungaunga.

Akiwa bado mdogo, wazazi wake waliamua kufuga bata ili wapate chochote. Kazi ya kuwapeleka vifaranga 24 bwawani akapewa yeye. Alikwenda pekupeku kwenye njia ya mawe, kisigino kikimuuma.

Bata wakishaingia majini, yeye alibaki anachungulia: viluwiluwi weusi wakichezesha mikia, konokono, wadudu wakiteleza juu ya maji. Kando ya bwawa akaokota mbawakawa wa buluu, na mawe yanayong'aa akidhani ni dhahabu. Mifuko ikajaa pomoni.

Jioni akarudi na furaha yake, akaambulia kufokewa. Baba akaamuru mawe yatupwe. Mama akalalamikia mifuko kuchanika, na kuhofia kwamba iko siku mdudu atamuuma mkono. Kwa watu wanaohesabu kila senti, huo ulikuwa upuuzi mtupu. Basi mtoto akatupa.

Lakini hamu ile haikutupika. Fabre akawa mwalimu wa mshahara kiduchu, muda wake wa ziada ukiishia kwa nyigu na mbawakawa.

Mjini Avignon alifundisha wasichana jinsi maua yanavyochavushwa. Watu wakaja juu. Mwaka 1870 akajikuta hana kazi, na nyumba ya kupanga akatolewa. Rafiki yake, mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, akamkopesha faranga 3,000 ahamishe familia. Alilipa deni lote.

Mwaka 1879, akiwa na miaka 55, hatimaye alipata kiwanja chake Sérignan: ardhi kavu ya mawe na miiba, isiyofaa kulimwa. Kwake ilifaa sana, maana wadudu walikuwa tele.

Huko uzeeni aliwatuma fundi chuma na seremala wamtengenezee sanduku la vioo. Akalijaza maji na majani ya bwawani, akakaa kutazama wadudu wachanga wanaojijengea ala za vijiti na kutembea nazo majini.

Aliandika vitabu 10 kuhusu maisha ya wadudu, vilivyotoka kati ya 1879 na 1907. Alifariki Oktoba 1915, akiwa na miaka 91.

Bwawa la utotoni sasa lilikuwa mezani kwake, na safari hii hakuna aliyemwambia atupe.