Siti binti Saad: Biti ya Misri, Stori za Mtaa

Kila wiki mtandaoni ni vita. Huyu msanii ni orijino, yule ni feki, huyu ameiga Wanaijeria, yule anarap kama amezaliwa London. Leo wacha tumcheki mathe mmoja wa Zanzibar aliyepitia haya mambo kitambo sana, kabla redio haijafika mtaani.

Siti alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu mwaka wa 1880. Wazazi wake walikuwa watumwa, na hata jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Shule hakuenda. Nyumbani walikuwa wanafinyanga vyungu, so hasla yake ilikuwa kuvibeba kichwani hadi mjini, akitembea akiita wateja kwa sauti. Watu walikuwa wanamskia kabla hawajamwona.

1911 akatoka kijijini akahamia Ng'ambo, mtaa wa wasee wa kawaida, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa matajiri. Huko akapatana na Ali Muhsin wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanza 1905. Jamaa akaskia ile sauti, akaamua kumfunza.

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Taarab ilikuwa ngoma ya wakubwa. Husemekana Sultan Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri karne ya 19, na ilikuwa inaimbwa na wanaume, kwa Kiarabu. Wengi wa Ng'ambo hawakushika hata neno. Siti alijifunza hiyo sanaa ikaiva, hata Kiarabu akaimba. Lakini kilichomfanya awe mkubwa ni Kiswahili. Alichukua muziki wa ikulu akautia maneno ya Ng'ambo.

Na si mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti ni stori ya mwanamke aliyeuawa. Muuaji akahepa, na kortini walioumia ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Kwa watu ambao hakuna gazeti lilikuwa linawasemea, huo wimbo ulikuwa habari na malalamiko kwa pamoja.

Wenye wivu nao hawakulala. Walimchamba hana sura, hana ukoo, juzi tu alikuwa anauza vyungu. Angeweza kujitungia ukoo mpya kama wengine mjini. Badala yake alijibu kwa wimbo, akawaambia akili inapita sura, halafu akaendelea na kazi. Huyo mtoto wa watumwa alikuja kuitwa kuimba hadi kwa Sultani.

1928 kampuni ya HMV ikampeleka na kikundi chake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi. Santuri zikauzika vibaya sana pwani yote, na kampuni ikajua kumbe Kiswahili kina soko.

Alifariki Julai 1950. Shaaban Robert, yule gwiji wa vitabu, akaandika wasifu wake. Naye Bi Kidude, aliyefariki 2013, alijifunza kwa kumsikiliza, kisha akazibeba nyimbo zake hadi majukwaa ya ng'ambo.

Kwa hivyo ukitaka kujua kama msanii ni orijino, biti pekee haitakuambia. Ya Siti ilitoka Misri, kama vile drill ya Nairobi ilivyotoka Chicago ikapitia London. Kuazima si dhambi. Noma ni kuazima biti, ukaazima lafudhi, mwisho ukaazima hata shida za watu wa mbali, na kodi ya nyumba hapa kwenu imepanda na hakuna mtu ameiimba. Siti aliimba ya Ng'ambo, na wasee wa Ng'ambo wakajiskia ndani. Skiza hiyo ngoma uliyoweka kwa simu saa hii: mtaa wako umo?